Magongo ya Adongo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua hakuna. Nimefunga Ramadhani, na feni ya ofisini imeharibika tena.

Leo tumempokea mtoto mpya wa kike katika utafiti. Anaitwa Ajwang, ana miaka kumi na tatu, kwao ni Luanda Kotieno, pale feri ya Mbita inapong'oa nanga. Ana uvimbe juu ya goti la kulia tangu shule zilipofungwa mwaka jana. Alipigwa teke uwanjani, basi kila mtu akaamua ni teke. Bibi yake akampeleka kwa mama mmoja anayekanda mifupa, akakandwa kwa mafuta ya moto mpaka goti likawa kama papai. Bibi huyo ndiye aliyekuja naye. Wodi nzima imeshaanza kumwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, na yeye ameshaanza kuilalamikia chai yetu.

Mimi ni muuguzi wa utafiti. Kazi yangu ni kuhakikisha watoto hawapotei, na kwa kipimo hicho mwaka jana sikufanya kazi. Wanne walimaliza dawa vizuri, wakapangiwa siku ya kukatwa mguu, wakaenda nyumbani kuaga, hawakurudi. Wa mwisho alikuwa Adongo wa Mbita. Fundi alishampimia magongo. Yako nyuma ya kabati langu, na kila nikifungua mlango yananiangukia.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza Dani utafiti. Nimeueleza mara nyingi sasa, naweza kuueleza nikisinzia. Kwingineko, mtoto mwenye saratani ya mfupa hupewa dawa tatu kabla ya upasuaji. Ya tatu ni kali kiasi kwamba lazima damu ipimwe tena na tena kujua imebaki kiasi gani mwilini, na kipimo hicho sisi hatuna. Tunataka kujua kama mbili zinatosha. Jibu halionekani kwenye damu wala kwenye picha. Limo ndani ya mfupa: mguu ukikatwa, Daktari Debra wa maabara anaupasua na kutazama sehemu gani ya saratani imekufa. Ikiwa imekufa karibu yote, dawa mbili zinatosha. Mtoto akitoroka kabla ya upasuaji, yeye anapoteza maisha na sisi tunapoteza jibu. Daktari Wesonga, mkuu wetu, huyataja kwa mpangilio huo. Usoni mwake huwa naona mpangilio mwingine.

Dani alisikiliza akiwa amefumba macho. Mwishoni akauliza kama maziwa ya hapa ni ya pakiti.

Ijumaa, 7 Machi

Dawa ya kwanza ni nyekundu. Ajwang amekojoa mkojo mwekundu, akaita wenzake waje waone. Kesho hataita mtu.

Jumapili, 9 Machi

Ametapika tangu jana. Dani anashika beseni na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, zote kwa mwendo mmoja.

Jumatatu, 17 Machi

Manyunyu jioni. Nimefungulia uji nikiwa kazini.

Baba yake Ajwang amekuja. Anaitwa Walter, anapakia magunia kwenye malori pale Mamboleo, na amekuja na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Mama yake Ajwang, Awuor, amebaki nyumbani na mtoto mchanga. Walter alikaa kitandani kwa mwanawe kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaenda. Nilimwandika kama baba asiyejali. Kichwani, si kwenye karatasi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nilipeleka bakuli la biriani wodini mchana. Dani amesema viungo vimezidi, amekula yote, na bakuli amebaki nalo.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imeanza kweli. Mtaani Nyalenda, hapa Kisumu, maji yameingia nyumba za watu. Nywele za Ajwang zimetoka zote. Anasema kichwa kinasikia upepo.

Jumatano, 16 Aprili

Homa. Dawa ya pili imeshusha chembe za kinga mpaka karibu hakuna, na asubuhi mtoto alikuwa akitetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Tulimhamishia chumba cha peke yake, tukaanza antibayotiki, umeme ukapotea, jenereta ikakataa, ikakubali. Daktari Wesonga alikuja kutoka kwake Milimani akiwa na viatu vya mpira vya bustanini, akakaa naye mpaka presha ilipopanda. Wakati wote huo Dani hakuimba. Alisimama ukutani akishika ule mguu mbaya wa mjukuu wake kwa mikono yote miwili, chini kidogo ya uvimbe, kama mtu anayezuia mlango. Nilimwambia mara mbili akae, asiwe njiani. Hakukaa.

Mchana homa ilishuka. Dani akaniambia, "Sista, hii mtoto ni mtu ngumu." Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimeogopa sana na sikutaka aone.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka yao. Mvua. Ajwang amekula chapati nusu.

Jumatatu, 28 Aprili

Uvimbe umepungua. Si kwa kukisia: suruali ya shule inapita. Daktari Wesonga ametabasamu, jambo ambalo lilinishtua. Picha ya kifua ni safi. Upasuaji ni Jumanne tarehe 13, na usichelewe sana, maana dawa zikisimama na uvimbe ukiwa bado mwilini, huanza kujijenga upya, na kutoka gotini unapenda kupanda kifuani. Hapo huwa hatuna la kufanya.

Nimewaeleza wote, Ajwang akiwepo. Aliuliza kama atakatwa akiwa macho. Nikasema hapana. Akauliza kama mguu wa bandia unaweza kupiga mpira. Nikasema polepole. Walter aliangalia sakafu. Dani hakuuliza chochote, hata kuhusu chai.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, nimefanya kazi. Dani ameanza tabia mpya. Kila asubuhi anatoka nyuma ya wodi anakaa kwenye tofali, akiangalia bomba la tanuru la kuchomea taka za hospitali. Nimemuuliza anafanya nini. Anasema anaota moto. Moto wenyewe uko mbali, na mvua inamnyeshea.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Ziwa limepanda hadi kwenye nyasi. Dani yuko kwenye tofali lake.

Ijumaa, 9 Mei

Wameomba ruhusa ya kwenda nyumbani hadi Jumapili, kuaga. Sikutaka. Daktari Wesonga akasema hatuwezi kumfunga mtu. Wameondoka wote watatu, Dani na Walter mbele, Ajwang akiruka kwa mguu mmoja kuonyesha kwamba ameshajizoeza.

Bakuli langu Dani amelirudisha, limesuguliwa hadi linang'aa. Hilo halinipendezi. Mtu wa kurudi Jumapili harudishi bakuli Ijumaa.

Jumapili, 11 Mei

Hawajaja.

Jumatatu, 12 Mei

Hawajaja. Simu ya Walter inalia bila kupokelewa. Ya Dani imezimwa.

Jumanne, 13 Mei

Chumba cha upasuaji kilikaa tupu saa nzima, kisha wakaingiza mtu wa kidole tumbo. Daktari Wesonga hakunigombeza. Alisema tu, "Wa tano," akafunga mlango wake.

Nilifungua kabati nitoe glavu, magongo ya Adongo yakaniangukia. Niliyapiga teke. Yana makosa gani.

Alhamisi, 15 Mei

Nilikwenda Mamboleo baada ya kazi. Matope hadi vifundoni. Nilimpata Walter chini ya lori la mahindi, amejikinga mvua pamoja na wenzake. Aliponiona alisimama na kuvua kofia, jambo ambalo sikulitegemea.

"Sista, mimi nilisaini," akasema. "Mimi sijakataa kitu."

"Basi mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Ni mama yangu ndiye amesema ngoja."

"Angoje nini? Walter, unajua huu ugonjwa haungoji."

Akaigeuzageuza ile kofia yake. "Hiyo kitu si mimi naweza kukwambia. Enda umuulize mama mwenyewe. Lakini usiende na daktari."

Nimeandika hapo juu, mwezi wa tatu, kwamba ni baba asiyejali. Analala Mamboleo kwenye turubai ili aweze kufika wodini kwa miguu. Wenzake ndio walioniambia, si yeye.

Jumamosi, 17 Mei

Nimetoka Luanda Kotieno sasa hivi, nimekula, naandika yote kabla sijalala.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Boma lao liko juu kidogo ya pwani, nyumba mbili za bati na shamba la mtama ulioinamishwa na mvua. Awuor alikuwa akianua dagaa wa omena haraka kabla ya wingu. Ajwang alikaa mlangoni na mguu umenyooshwa juu ya kiti, anamfundisha mdogo wake wa chekechea kuhesabu. Goti lilikuwa limeanza kujaa tena. Niliona kutoka getini.

Dani alinikaribisha ndani, akanipa soda na mandazi, akaniuliza habari za mume wangu Salim ambaye hajamwona kamwe. Yote hayo ilibidi yaishe kwanza. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba: nauli tunalipa, chakula tunatoa, kukandwa hakuponyi, maombi ni mazuri lakini. Nikaianza. Akainua mkono.

"Mimi sikatai kukata," akasema. "Mimi nimeona hiyo kitu inakula mtoto. Kateni. Lakini hiyo mguu mnapeleka wapi?"

Nikasema unakwenda maabara, Daktari Debra anaupima.

"Akimaliza kupima?"

Nikainua soda nikanywa.

"Mimi niliuliza yule kijana wa kufagia. Akaniambia kila kitu yenye imetoka kwa mtu inaingia kwa ile moto ya nyuma, pamoja na bendeji na sindano na takataka. Nikakaa pale siku nyingi nikiangalia hiyo moshi. Sista, nikajiuliza, hii moshi ni ya nani?"

Nikamwambia ni utaratibu wa usafi. Nililisikia neno hilo likitoka mdomoni na sikulipenda.

"Siku moja mjukuu wangu atazeeka, atakufa, tutamweka hapa kwao. Sasa atalala hapa na mguu yake iko Kisumu kwa jivu ya watu hatujui? Atakuwa anatafuta. Nyinyi mlisoma, mnaweza kucheka."

"Sicheki, Mama."

"Mniambie mtanipa mguu, mimi namleta hata kesho. Kama hamwezi, akae. Akufe akiwa mzima, tujue tumemzika yote."

Ajwang alikuwa mlangoni, anasikia. "Dani," akasema, "hakuna mtu ameniuliza mimi."

"Wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Mimi nataka itoke. Lakini isichomwe." Kisha akarudi kwa mdogo wake na hesabu.

Niliwaambia nitarudi na jibu. Sikuahidi, kwa sababu nilijua Daktari Wesonga ataniambia nini. Njiani nilikuwa na hasira, kwanza kwa Dani, ambaye angemwacha mtoto afe kwa sababu ya moshi. Tulipofika Ndori hasira ilikuwa imehama, na sikujua imekwenda kukaa kwa nani.

Nimemsimulia Salim wakati wa chakula. Aliacha kutafuna.

"Kwani nyinyi huwa mnachoma?" akauliza.

"Hospitali zote zinachoma."

"Na vidole vya Mjomba Nasir?"

Mjomba wake Nasir alikatwa vidole vitatu na mashine ya kupasulia mbao, mimi nikiwa bibi harusi mpya humu. Wanaume walivichukua hospitalini, wakavifunga kwenye kitambaa cha bafta, wakavizika makaburini bila kuswalia. Bafta yenyewe nilitumwa mimi dukani. Nimefanya kazi kwenye utafiti wa kukata miguu miaka mitatu, na sijawahi hata mara moja kuweka mambo haya mawili pamoja. Kuna Zeituni wa nyumbani na Zeituni wa ofisini, na inaonekana hawajawahi kusalimiana.

Jumatatu, 19 Mei

Mkutano. Niliwaambia yote kama nilivyoyaandika. Daktari Wesonga alifanya nilivyotegemea: mfupa ni wa utafiti, kamati ya maadili imepitisha mpango kama ulivyo, mabadiliko huchukua miezi, na mtoto hana miezi.

Daktari Debra alikuwa akila ndizi. Aliuliza, "Kwani nani anahitaji mguu mzima?"

Wote tukamgeukia.

"Mimi napasua mfupa katikati kwa urefu," akasema. "Nachukua kipande kimoja cha kati, unene wa kidole, nakilainisha kwenye asidi wiki tatu, nakikata vipande vidogo, nasoma. Mpango wetu unasema hivyo hivyo. Sehemu nyingine yote inakaa kwa ndoo ikingoja tanuru. Mimi mwenyewe siipendi kuiangalia."

"Kisheria nani anaruhusu kuutoa?" Daktari Wesonga akauliza.

Tulipiga simu mochari. Mkuu wa mochari alishangaa swali. Familia ikiomba kiungo, inasaini, inapewa. Utaratibu upo tangu zamani. Kutoka wodi ya watoto, akasema, hajawahi kuona mtu akiomba.

Hawakuomba kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba inaombwa. Tuliwaeleza dawa, kutapika, nywele, magongo, mguu wa bandia. Tukaruka hapo tu, kila mmoja wetu, kwa sababu tuliona haya kutaja. Daktari Wesonga ni Msamia, Debra ni Mjaluo, mimi nimeeleza ya kwangu. Hakuna hata mmoja katika chumba kile ambaye kwao mguu hutupwa.

Daktari Wesonga alivua miwani. Nilidhani atazungumzia jibu la utafiti. Akasema, "Yule mtoto wa Mbita alikuwa na kifua safi." Kisha akaniambia nichukue gari.

Jumanne, 20 Mei

Wamerudi. Dani alimtaka Daktari Debra mwenyewe aseme kwa mdomo wake. Debra alisema, kwa Kijaluo, wakaongea kwa muda mrefu, na mwishoni Dani akamshika mkono akaupima kwa macho, nadhani anaukagua kama ni mkono wa kupewa mguu.

Alhamisi, 22 Mei

Umekatwa, juu kabisa ya paja. Alizinduka akauliza saa ngapi. Mvua siku nzima.

Jumamosi, 24 Mei

Anasema vidole vya mguu usiokuwepo vinamwasha. Nimemwambia ni kawaida, neva bado hazijapata habari. Ameuliza mguu uko wapi. Kwenye friji ya mochari, nimesema, una jina lako. Hilo limemtuliza kuliko dawa.

Jumatano, 28 Mei

Fundi wa magongo amelazwa na malaria. Nimefungua kabati, na kwa mara ya kwanza nimeyadaka yasianguke. Ajwang ameyajaribu. Yanamtosha bila kupunguzwa hata kidogo.

"Ni ya nani?" ameuliza.

"Ya msichana mmoja wa Mbita."

"Yeye anatumia gani?"

Nimesema sijui. Ni kweli.

Jumamosi, 31 Mei

Tumezika mguu.

Safari yenyewe ilianza kwa ubishi. Sanduku dogo la mbao liliwekwa nyuma ya gari la utafiti, na Dani akakataza Ajwang asipande gari hilo. Mtu hasafiri na mazishi yake mwenyewe. Dereva akasema hana gari lingine. Ikaamuliwa Ajwang akae mbele, asigeuke nyuma, na redio iwashwe. Hivyo tukaenda hadi Luanda Kotieno na matangazo ya mbolea.

Nilikuwa nimenunua bafta. Sikumuuliza mtu, niliipitia dukani jana. Dani aliipapasa, akauliza kwetu tunafanyaje, nikamwambia: tunafunga, tunazika, hatuswali. Akasema ni sawa. Tukafunga pamoja chini ya mti wa mlonge, mimi na yeye na Awuor. Ulikuwa mwepesi. Awuor alitazama vidole vya mguu kabla ya kufunika. Mimi ndiye niliyelazimika kuangalia pembeni.

Ubishi wa pili ulikuwa shimo lichimbwe wapi. Shemeji ya Dani alitaka kando ya kaburi la babu. Dani akasema huwezi kumlaza mtu aliye hai katikati ya wafu, wataanza kumwita. Mwingine akasema nje ya ua, kama inavyofanywa kwa binti asiyeolewa. Dani akasema huyu hajafa, kwa hiyo hayo hayamhusu, na ataolewa. Walter, ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno kumi, akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba yake mwenyewe kando ya migomba, akaanza kuchimba. Ubishi ukaisha.

Amri ya Dani ilikuwa moja: hakuna kulia. Hakuna hema, hakuna viti, hakuna chai ya watu. Lakini habari za shimo husambaa, na jirani mmoja, Dolphine, akatokea getini akipiga mayowe ya msiba kama inavyopasa, mikono kichwani. Dani alimfukuza kwa ufagio hadi barabarani. "Mtoto wetu ako hai," alimpigia kelele, "peleka machozi kwako." Ajwang alicheka mpaka akashikilia ukuta. Nami nikacheka.

Sanduku lilipoingia, Dani alimuuliza kama ana la kusema. Alisimama kwenye magongo, akaangalia ndani.

"Nilidhani ni kubwa," akasema. Baadaye akaongeza, "Baba, weka jiwe, nisije nikaikanyaga."

Walter akaweka jiwe. Mvua ikaanza, tukaingia ndani kula samaki. Nilirudi Kisumu nikiwa nimechoka na nimefurahi, na sijui kama furaha hiyo ina mahali katika ripoti.

Jumanne, 10 Juni

Ajwang amerudi kuendelea na dawa. Mpira wa chini ya gongo moja umeshaisha kwa changarawe za kwao. Chai, kwa mujibu wa Dani, imezidi kuharibika.

Alhamisi, 19 Juni

Jibu limetoka. Debra alikuja nalo mwenyewe badala ya kulituma. Katika kipande chote cha mfupa wa Ajwang, saratani iliyobaki hai haifiki hata sehemu moja katika ishirini. Dawa mbili zilitosha kwake. Ni mtoto mmoja, na mtoto mmoja hathibitishi kitu. Daktari Wesonga alilisema hilo mara tatu huku akizunguka meza.

Nilikwenda wodini kumweleza Dani. Nilimwambia kile kitu kilikuwa kimekufa karibu chote kabla hata hakijakatwa.

Alifikiri. "Kwa hivyo tulizika maiti."

"Karibu, Mama."

"Na hatukulia."

"Ulikataza."

Akavuta leso usoni, akalia kwa muda, bila sauti, Ajwang akimpigapiga mgongoni kwa ncha ya gongo. Kisha akajipangusa akaniuliza kama yule daktari wa ndizi ameolewa.

Jumatatu, 23 Juni

Mvua zimekwisha. Jua kali, ziwa limerudi nyuma likaacha matope na harufu.

Kuanzia leo, kila familia inaambiwa siku ya kwanza mguu utakwenda wapi na kwamba ni wao. Daktari Wesonga amenitaka pia niwapigie wale wanne wa mwaka jana, waambiwe. Huenda mmoja bado yuko hai. Hakusema hivyo, lakini ndivyo alivyomaanisha.

Jumanne, 24 Juni

Namba mbili hazipatikani. Ya tatu ina mtu mwingine, Mkikuyu wa Nakuru, mpole sana. Ya nne ilikuwa ya Calvince, baba yake Adongo. Ni fundi wa injini za boti Mbita. Alipokea mara moja, na nyuma yake injini ilikuwa inanguruma.

"Sista Zeituni," akasema. "Nakukumbuka."

Nilimuuliza habari za Adongo.

"Adongo alituacha mwezi wa pili. Kifua ndiyo ilimsumbua."

Nikampa pole. Nilikuwa na maneno mapya niliyoyaandaa, yamepitishwa na wakuu wote, kwamba familia ina haki ya kuomba na kupewa.

"Tulimzika akiwa mzima," Calvince akasema. "Hiyo tulifanya vizuri, sista. Mama yake hiyo inamsaidia."

Sikuyasema yale maneno. Nitamweleza Daktari Wesonga kwamba sikuyasema, na anifanye atakavyo.

Akazima injini. "Na zile magongo alipimiwa? Zilienda wapi?"

"Anazo msichana mmoja wa Luanda Kotieno. Anatembea nazo."

"Zinamtosha?"

"Zinamtosha kabisa. Mpira tu wa chini umeisha."

Nikasikia kitu cha chuma kikiwekwa chini.

"Luanda Kotieno naiona kutoka hapa nimesimama," akasema. "Mwambie avuke na feri siku moja. Mimi niko na mpira ya injini, ngumu. Nitamwekea."

Nikamwambia nitamwambia.